Mti wa Kuzibia

Ukimwuliza mtoto wa darasa la pili, "Kiti ni nini?" hatakuambia kwamba ni mbao na misumari. Atakuambia, "Ni cha kukalia." Mwulize kisu, atasema ni cha kukatia. Mwulize mvua, atasema ni ya kuotesha mahindi, kana kwamba mawingu yalifanya kikao kwa ajili ya shamba la mama yake. Nimefundisha shule ya msingi huku milimani juu ya Same kwa miaka mingi, na jibu la namna hii sijawahi kulikata kwa kalamu nyekundu. Si jibu la kijinga. Ndivyo akili zetu zinavyoshika vitu. Tunauliza hiki ni cha kazi gani, na tukishaijua kazi yake tunaona tumeukamata moyo wake.

Mtu ninayetaka kukueleza habari zake aliishi kwa jibu hilo kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Tulimwita mgawa maji. Siku hizi kijijini wanamtaja kwa jambo moja tu: "yule mzee ambaye mkwewe alizama." Mimi nimemjua zaidi ya miaka ishirini na naona hatoshei katika maneno hayo. Tena kuna jambo lingine. Baada ya maziko aliacha kula. Alisema kitu kisicho na kazi hakilishwi, na yeye hana kazi tena. Kwa kuwa watu wanaamini mwalimu anaweza kumweleza mtu yeyote jambo lolote, nikatumwa mimi nimpelekee uji.

Lakini tuanze na ndiva, maana bila ndiva hutamwelewa.

Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa kwa mkono kwenye mteremko, chini ya chemchemi. Babu zetu waliyachimba mengi katika milima hii ya Upare. Jioni tundu la chini linazibwa, maji ya chemchemi yanakusanyika mpaka alfajiri, kisha tundu linazibuliwa na maji yanakwenda mashambani kwa mifereji, kila mtu na zamu yake. Ikifika saa sita mchana ndiva ni tupu. Sakafu yake ni udongo wa mfinyanzi uliopigwa kwa miguu ya watu tangu zamani, mgumu kama ua uliofagiliwa. Basi sisi tulikuwa na desturi moja ambayo mgeni angeishangaa: asubuhi ndiva tuliizunguka, alasiri tulipita katikati yake. Upande wa pili kuna majani mazuri ya ng'ombe. Anayepita katikati hufika nyumbani kabla anayezunguka hajamaliza nusu ya njia.

Tundu lilizibwa kwa mti mmoja, mnene kama paja, uliofungwa maganda ya mgomba na kupakwa udongo. Kuuchomoa ndiyo ilikuwa kazi yake. Alishuka alfajiri, akavua viatu, akaukumbatia mti ule na kuuvuta huku akinguruma, na maji yalipotoka alisema neno moja tu: "Pita." Aliyaambia maji. Lakini wanawake waliokuwa wakingojea na majembe walicheka na kujibu, "Tunapita, baba."

Zamu aliipima kwa kivuli juu ya jiwe. Hakuwa na saa na hakutaka kupewa. Shamba lake mwenyewe lilikuwa la mwisho kwenye mfereji, na mwaka wenye jua kali lilikauka wakati mashamba aliyoyanywesha yakiwa mabichi. Wakati fulani ndugu yake wa damu alitaka maji katika zamu ya mjane mmoja. Mgawa maji aliketi ndani ya mfereji, katikati kabisa, maji yakamfika kiunoni.

"Ondoka, kaka, unajiaibisha," ndugu yake alimwambia.

"Mimi sasa hivi ni ukingo," alijibu. "Ukingo hauna kaka."

Hakuwa mtu mpole, nisikudanganye. Ng'ombe wake alipokauka maziwa, alimteremsha Hedaru siku ya soko bila hata kumuaga. "Ng'ombe wa maziwa asiye na maziwa ni ngozi inayotembea," alisema. Mbwa wake aliacha kubweka kwa uzee, na kwa miezi alimwita "kile kitambaa." Ukikaa naye alikuwa na mchezo wake wa kukubana kwa maswali. Siku moja alinionyesha jembe la zamani ambalo jirani yake alilitumia kukazia mlango.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Jembe."

"Lina miaka kumi halijagusa shamba. Kazi yake ni mlango. Kwa nini unaliita jembe?"

"Kwa sababu aliyelitengeneza alilitengeneza la kulimia."

"Ehe. Na ile ndoo ya mke wako, iliyotoboka, anayooteshea vitunguu?"

"Ni ndoo," nilisema, kisha nikasita. "Ilikuwa ndoo."

Akacheka hadi akakohoa. "Jembe likibadili kazi ni jembe. Ndoo ikibadili kazi ilikuwa ndoo. Na wewe ndiye unawafundisha watoto wetu!"

Nilikwenda nyumbani nikalifikiria swali hilo wiki nzima. Wewe pia ukilifikiria polepole utaona lilipojificha. Jembe lile ukilitoa mlangoni kesho, litalima. Ndoo ile haitashika maji tena. Ile kazi ya kwanza bado imelala ndani ya jembe, lakini ndani ya ndoo imekufa. Nilipomrudishia jibu hilo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndiyo siku pekee aliyowahi kunisifu, na hata hivyo alisema, "Umechelewa, lakini umefika."

Nilianza kuuchukua mchezo wake na kuupeleka darasani. Niliuliza, "Ng'ombe ni wa nini?" Mikono ikapanda: wa maziwa, wa nyama, wa mbolea. Kulikuwa na binti mmoja wa familia ya wafugaji kutoka tambarare za upande wa Kwakoa, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake aliyeolewa huku juu. Yeye alisimama akasema, "Ng'ombe ni wa kuwa naye." Darasa zima likaangua kicheko. Nilipomsimulia mgawa maji, hakucheka. Alichora mstari chini kwa kidole cha mguu.

"Huyo mtoto amekuzidi," alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi pia. Lakini usimwambie mtu."

Jioni ile nilimwona anampa yule mbwa mzee kipande cha ugali, akitazama pembeni kana kwamba mkono haukuwa wake.

Mkwewe, mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa akiishi naye. Mwanawe alikuwa kibarua katika shamba la mkonge huko tambarare, akipanda mlima mara moja kwa mwezi. Mwanamke huyo kijana alikaa miaka sita bila mtoto, na ukoo ukaanza kunong'ona, kisha kusema wazi, kwamba mke ni wa kuzaa. Wazee walimwendea mgawa maji wakiwa na uhakika wa jibu lake. Si ndiye aliyesema kitu ni kazi yake? Mimi nilikuwapo, nimekwenda kuazima shoka.

"Nani aliwaambia kazi yake ni hiyo?" aliwauliza.

"Mzee, ni jambo linalojulikana."

"Mti wa kuzibia niliuchonga mimi, najua ni wa nini. Huyu nyie ndio mlimchonga?"

Waliondoka bila hata kumaliza chai. Mkwewe, aliyekuwa jikoni akisikia kila neno, alitoka na sufuria. "Baba, na wewe ni wa kazi gani?" alimwuliza.

"Wa kunywa chai ya hawa walioondoka. Mimina."

Walitaniana namna hiyo kila siku. Mzee alimkosoa mkwewe kwa chumvi, na mkwewe alimkosoa mzee kwa kukoroma. Sikuwahi kuona nyumba ya watu wawili yenye kelele nyingi kiasi kile.

Halafu mradi ukaja. Maji yalihitajika kwenye mji mdogo chini, barabarani, na sina neno baya juu ya watu wa chini kutaka maji. Chemchemi ilijengewa zege, bomba likaanza pale pale juu na kuteremka moja kwa moja. Kijiji chetu kiliwekewa vioski viwili vya maji, na wengi walifurahi. Tundu la ndiva walilifunga kwa saruji ili mfereji usiharibu njia ya bomba. Katika mkutano, mtaalamu mmoja, kijana mwenye heshima zake, alimwambia mgawa maji asiwe na wasiwasi.

"Shikamoo mzee. Ndiva yenu itabaki, hatuigusi."

"Marahaba. Mnachukua maji, mnaziba tundu, halafu hamuigusi?"

"Namaanisha hata jina litabaki, mzee. Ni urithi."

"Jina nitalinyweshea mahindi?"

Watu walicheka. Ila yeye hakuwa akitania, na hapo ndipo alipoanza vita vyake. Tangu siku ile hakupaita mahali pale ndiva, na aliyepaita hivyo mbele yake alimkatiza. "Ndiva ni kungoja na kutoa," alisema. "Pale hapangoji, hapatoi." Vijana wa bodaboda walimngojea njiani: "Mgawa maji, leo unagawa nini, upepo?" Naye aliwajibu, "Nagawa wajinga. Wewe simama upande ule." Alisema pia maneno ambayo tuliyachukua kama uchungu wa mzee aliyestaafishwa: "Kitu kikiacha kazi yake hakikai kitupu. Hujazwa kitu kingine." Mimi mwenyewe, niliyejua habari za jembe na ndoo, nilimwambia, "Mzee, ni jina tu, liache." Naomba ulikumbuke hilo, maana nami nilikuwamo.

Lakini alikuwa na unafiki wake. Mti wa kuzibia, ambao kwa sheria yake mwenyewe ulikuwa sasa ni kuni, hakuuchoma. Aliuegemeza nyuma ya jiko. Mkwewe alipoishiwa kuni siku ya mvua na kuukodolea macho, alimwambia, "Huo haujakauka."

"Una miaka mitatu ndani, baba."

"Haujakauka."

Sasa nitakueleza palikuwa pamejaa nini. Zamani, kila tundu lilipofunguliwa, maji yaliondoka na tope. Tope lililobaki tulilizoa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ambayo mgawa maji aliitangaza kwa kupuliza pembe. Tundu lilipozibwa, mvua ziliendelea kuteremsha udongo kutoka mashambani, na udongo ukakosa pa kutokea. Mvua za misimu mitatu. Kiangazi kikakausha uso wake, nyasi zikaota, mbuzi wakala pembezoni. Ukitazama uliona sakafu ya ndiva wakati wa alasiri, ile ile ya siku zote, imepanda juu kidogo. Tulijua sakafu ya ndiva ni ngumu. Miguu yetu ilijua. Kwa kweli tulikuwa tumekaa muda mrefu bila kupita pale, kwa kuwa kwa kukosa maji ya mfereji watu wengi walipunguza ng'ombe, na wenye haja ya majani walikuwa wachache, nyumba ya mgawa maji ikiwa mojawapo kwa ajili ya ndama wao mmoja.

Alasiri moja nilikuwa nasahihisha madaftari niliposikia pembe. Mipulizo mitatu mirefu, ya msaragambo. Kijiji kizima kiliisikia. Nilitoka nje, nikawaona majirani wakitabasamu.

"Mzee ameshinda!" mmoja alisema. "Wanatufungulia ndiva!"

Tukaenda. Hatukukimbia. Tulichukua majembe na makarai, kama pembe ile ilivyotufundisha tangu utoto, na tukapanda tukizungumza. Mama mmoja alianzisha wimbo. Pembe iliendelea kulia, na sisi tukasema mzee leo ana furaha, ana pumzi za kijana.

Tulipofika juu ya ukingo tulimkuta amezama hadi kifuani pembezoni mwa tope, mkono mmoja umeshika mzizi, mwingine umeshika pembe. Katikati, juu ya nyasi, kulikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Umekaa wima. Chini ya mzigo hapakuonekana kitu.

Tulikuwa watu zaidi ya arobaini, na hakuna aliyekuwa na kamba.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Tulimtoa yeye, na baada ya kamba kufika tulimtoa mkwewe.

Sasa nirudi kwenye uji. Siku ya kwanza hakufungua mlango. Siku ya pili alifungua, akautazama, akampa mbwa. Nilimweleza kila nilichoweza. Nilimwambia kwamba ajali ni ajali, kwamba aliwaonya watu wote, kwamba kama kuna aliyekuwa sahihi ni yeye. Hilo la mwisho lilimfanya ageukie ukuta. Mwanawe alikuwa amepanda kutoka mkongeni, akikaa uani, na usiku baba na mwana walilala wakiwa na njaa moja.

Siku ya tano nilikwenda na uji mkono mmoja na kibao mkono wa pili. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameniomba niandike onyo la kusimikwa pale. Nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi za kuonekana kutoka mbali: HATARI. NDIVA.

Aliketi kitandani. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji.

"Futa," alisema.

"Nifute nini, baba?"

"Neno la pili. Hilo ndilo lililomuua."

Nilidhani ni vile vita vyake vya zamani. Nikaanza kumjibu kwa upole, kama ninavyomjibu mwanafunzi. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Wingu lilikuwa limefunga," alisema. "Ndama alikuwa analia. Yeye alitaka kuzunguka. Alisimama hapo mlangoni akaniuliza, 'Baba, wakati wa kurudi nizunguke?' Nikamwambia, 'Mvua itakukuta. Pitia ndivani.'"

Nikaweka uji chini.

"Miaka mitatu nimewakataza ninyi wote neno hilo. Nilijua pale si ndiva. Nilijua kuliko mtu yeyote. Ndama akalia, na mdomo wangu ukasema ndivani, na ulipolisema nikaona kabisa kichwani sakafu ngumu. Ile ya zamani. Niliiona, mwalimu. Nilipozinduka, nilinyakua pembe na kukimbia. Yeye aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa silitumii ovyo."

Ndama alilia nje, maana alikuwa bado yupo na bado alikula majani. Nikatafuta neno, na neno pekee nililopata ni la yule binti wa Kwakoa.

"Mtu si wa kazi, baba. Mtu ni wa kuwa naye. Wewe mwenyewe ulilikubali."

"Nililikubali," alisema. "Nilikuwa naye. Nikamtuma majani."

Tukakaa. Uji ulishika utando. Mwisho nikamwuliza, kwa sababu kibao kilikuwa bado magotini kwangu na mwalimu hawezi kuacha kazi nusu, "Nikifuta, niandike nini?"

"Andika kilichopo."

Nikaandika MATOPE. Akakisoma tena, akakubali. Nikamwambia nitatafuta nguzo ya kukisimika. Akainuka, akishika ukuta, akaenda nyuma ya jiko na kurudi akiuburuta mti wa kuzibia.

"Baba, huu ni mti wa ndiva."

"Ndiva ipi?"

Mwanawe aliupokea mkononi mwake. Ulikuwa mkavu kabisa, mwepesi kuliko nilivyodhani. Tulipokuwa tunapigilia misumari, mzee alisimama akitutazama, kisha akasema, si kwangu wala kwa mwanawe, "Na wasiojua kusoma?"

Akachukua bakuli na kuunywa uji uliopoa, mkupuo mmoja, kama mtu anayekunywa dawa ya mtu mwingine.

Nimemwona wiki iliyopita. Huketi pale kila siku tangu saa sita hadi jua linapokaribia mlima, kwenye gogo kando ya kibao, mbwa miguuni. Amekonda, lakini anakula. Ukimsalimia hajibu marahaba, na watu wengine wamechukia. Nilipokuwa nakaribia, mama mmoja mwenye mzigo wa majani kichwani alipita mbele yangu.

"Shikamoo, mgawa maji," alisema.

"Zunguka."

Yule mama akazunguka. Nikafika mimi, nikasimama njiani, nimsalimie tu na kuendelea na safari yangu ya kutoka shule. Sikuwa na nia ya kuvuka, na tope lilikuwa mbali nami.

"Shikamoo, baba."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamenitambua, nina uhakika.

"Zunguka, mwalimu," alisema.

Nikazunguka.